Gundi za kubandikia insati kwenye mishale ya kaboni: ya kununua na ya kuacha

Kabla hujauliza gundi ipi ina nguvu kuliko zote, jiulize kama siku moja utataka kuing'oa insati uliyoibandika. Anayewinda kwa uzito mmoja wa kigumba mwaka mzima hana haja ya kuing'oa. Anayelenga shabaha na bado anapimapima, leo kigumba cha greni 100 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), kesho insati nzito ya shaba, atakuwa anaing'oa mara kwa mara. Hawa wawili hawafai kununua gundi moja, na orodha nyingi hukosea hapo kwa kupanga gundi kwa nguvu peke yake.

Insati ni kile kipande cha alumini, shaba au chuma cha pua kinachoingia ndani ya uti wa mshale, chenye hesi ambamo kigumba hufungwa. Insati ya kawaida ina mdomo unaokaa juu ya ncha ya uti. Mshale unapogonga, mdomo ndio unaopokea kishindo na gundi haina kazi kubwa. Mtihani wa gundi ni wakati wa kuuchomoa mshale: povu la shabaha limekibana kigumba, msuguano wa kuingia umelipasha joto eneo lote la mbele, nawe unavuta kwa nguvu. Ndiyo maana insati hubaki ndani ya shabaha huku mshale ukitoka mtupu. Zile zinazozama zote ndani ya uti, kama HIT za kampuni ya mishale ya Easton, hazina mdomo wa kuzizuia, kwa hiyo zinategemea gundi mbele na nyuma. Kwa hizo usihangaike na orodha hii. Tumia epoksi, kama mtengenezaji mwenyewe anavyoelekeza.

1. Epoksi ya sehemu mbili inayokauka polepole

Hii naiweka juu kwa mwindaji na kwa yeyote mwenye insati za kuzama ndani. Resini na kigumisho huchanganywa, mara nyingi kwa ujazo sawa, na mchanganyiko huchukua kama saa 24 kufikia nguvu yake kamili. Ule upole ndio unaokusaidia: unapata muda wa kuzungusha insati, kufuta iliyomwagika na kuhakikisha kigumba kimenyooka kabla haijakamata. Epoksi pia hujaza nafasi, na hilo lina uzito kwa sababu insati haikazi sawasawa kwenye kila uti. Ikishakauka haisumbuliwi na maji, wala na joto la gari lililoachwa juani.

Ubaya wake ni uchafu na usumbufu. Ukikosea kipimo cha sehemu mbili, itabaki laini milele. Chumba kikiwa cha baridi, saa 24 hazitoshi. Kuing'oa kunawezekana, ila ni kazi: unafunga kigumba kirefu cha zamani, unakipasha ncha yake kidogo kidogo kwa moto mdogo, joto linasafiri hadi kwenye insati, kisha unavuta kwa koleo. Moto usiuguse uti hata kidogo. Nyuzi za kaboni zimeshikwa pamoja na resini, na resini hiyo ikiungua uti umekwisha, hata kama kwa macho hauoni kitu.

2. Gundi ya kuyeyusha ya joto la chini

Kwa mlenga shabaha hii ndiyo namba moja, wala simpi ushauri mwingine. Huja kama kijiti kigumu. Unakiyeyusha, unapaka kwenye insati, unasukuma na kuzungusha, na baada ya dakika chache unaweza kurusha. Siku ukitaka kubadilisha, chovya ncha ya mshale kwenye maji ya moto, insati itatoka bila kuumiza kaboni.

Soma kijiti vizuri kabla ya kulipa. Ipo ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya mishale ya alumini na mbao, inayohitaji moto mkali ili iyeyuke, na ipo laini zaidi ya kaboni. Watengenezaji wa gundi Bohning, kwa mfano, wanazo zote mbili: Ferr-L-Tite ya kawaida na Cool Flex. Ukichukua ya kwanza kwa mshale wa kaboni, utajikuta unaupasha uti kupita kiasi ili tu gundi isigande kabla insati haijafika mwisho. Pasha insati, kwa kuishika kupitia kigumba kilichofungwa ndani yake, na uti uuache ubaki baridi.

Udhaifu wake ni ule ule unaoipa faida: joto huilegeza. Povu gumu, upinde wenye nguvu na mishale mingi mfululizo vinaweza kuitoa. Kwenye baridi kali, baadhi ya aina hukakamaa na kupasuka.

3. Supaglu iliyotiwa mpira, au ya jeli

Watu wengi huanza na hii kwa sababu tayari ipo kwenye droo. Supaglu ya kawaida hushika upesi, lakini ni ngumu kama kioo na mishtuko ya kurudiwa huivunja. Pia ni nyepesi mno kujaza nafasi, na hukamata insati ikiwa nusu njiani. Hapo huirudishi nyuma wala kuisukuma mbele. Iliyoongezewa mpira au ya jeli hupunguza matatizo yote mawili. Ukirekebisha mshale mmoja uwanjani, inatosha kabisa. Kwa seti nzima nisingeichagua.

4. Epoksi ya dakika tano

Inaonekana kama njia ya katikati. Kwa kawaida ina nguvu ndogo kuliko ya saa 24 na hulegea mapema zaidi inapopata joto, na kwa kuwa inakamata upesi utalazimika kuchanganya upya kila baada ya mshale mmoja au miwili. Kama unaweza kusubiri hadi kesho, subiri.

Za kuacha dukani ni gundi za poliurethani zinazotoa povu, kwa sababu hutanuka zikikauka na kuisukuma insati nje usipoibana, pamoja na gundi nyeupe ya mbao, ambayo haishiki vizuri chuma wala kaboni.

Pesa inayobaki

Tumia sehemu yake kwa msasa laini, alkoholi ya isopropili na vijiti vya pamba. Lawama nyingi zinazotupiwa gundi ni za vumbi. Uti ukikatwa huacha unga mweusi ndani, na insati mpya hutoka kiwandani na mafuta ya mashine. Kwangura insati kwa msasa, sugua kidogo ndani ya uti, futa vyote kwa alkoholi hadi pamba itoke safi, acha vikauke. Asetoni nayo husafisha, lakini uti usilowekwe humo. Vaa barakoa unapokata au kusugua kaboni, kwani vumbi lake si la kuvuta puani.

Toa noki, kile kipande cha nyuma kinachokaa kwenye upote, kabla ya kusukuma insati. Isipotoka, hewa hubanwa ndani na kuirudisha insati taratibu wakati umegeuka kuangalia mshale mwingine. Paka gundi kidogo, kwenye insati pekee, kwa sababu ziada huganda ndani ya uti na kuongeza uzito usiolingana kati ya mshale na mshale. Epoksi ikiwa bado mbichi, simamisha mishale kigumba kikiwa chini ili isitiririke kuelekea nyuma, na uhakikishe haijaingia kwenye hesi.

Nunua chupa ndogo. Seti ya mishale 12 hula gundi kidogo sana, na supaglu iliyofunguliwa hufyonza unyevu wa hewani na kugandia ndani ya chupa kabla hujafika seti ya pili. Kijiti cha kuyeyusha hakina shida hiyo. Kitakaa kwenye kisanduku cha vifaa miaka na miaka.