Simuleta nyumbani, Cessna pale Wilson: uzoefu wangu wa miezi minane

Mkufunzi wangu alivua kofia akafunika nayo vipimo vya dashibodi. "Haya, rusha ndege." Tulikuwa tumepaa kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, mbuga ya Nairobi iko chini yetu, na macho yangu yalikuwa yameganda kwenye kipimo cha kasi kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. "Wewe una simuleta nyumbani, sivyo?" Alijua kwa jinsi nilivyokodolea vipimo badala ya kutazama nje.

Ninayo: Microsoft Flight Simulator ya 2020, programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege, pamoja na kijiti cha kuongozea cha bei nafuu. Nimeitumia miezi minane sambamba na mafunzo ya leseni ya rubani binafsi kwenye Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja. Bado naipendekeza, ila usiinunue ukitarajia ikufundishe kutua.

Nimeifaidi zaidi kwenye utaratibu. Ukaguzi kabla ya kuwasha injini, mzunguko wa kuzunguka uwanja kabla ya kutua, wakati wa kushusha flapu (vibao vya nyuma ya mabawa), maneno ya kuuambia mnara wa kuongozea ndege: hayo nimeyarudia usiku kwa sauti mpaka mama akaja mlangoni kuuliza naongea na nani. Kukariri hayo kwenye Cessna, injini ikinguruma na pesa zikienda, ni hasara tupu. Nyumbani nabonyeza kitufe, ndege inasimama hewani, nawaza, naendelea. (Stima ikipotea, hiyo ni habari nyingine.)

Sasa madhara. Nilikuwa nimeiachia kompyuta inirekebishie mchanganyiko wa mafuta na hewa. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na mwongozo wa Cessna 172 unataka mafuta kwenye mchanganyiko huo yapunguzwe kabla ya kupaa kwenye uwanja unaozidi futi 3,000. Siku ya kwanza nilisukuma kitasa chekundu cha mchanganyiko hadi ndani, yaani mafuta tele, nikajiona nimemaliza. Mkufunzi alikivuta nje taratibu kwa vidole viwili. Injini ikabadili sauti, mshale wa kipimo cha mizunguko yake ukapanda. Jioni hiyo niliuzima msaada ule.

Miguu ilichukua muda zaidi. Cessna ikipaa, pua inavutwa kushoto na mguu wa kulia lazima ukanyage pedali kuirudisha. Yangu ilikuwa imezoea kulala chini ya meza. Nikanunua pedali za simuleta, bei yake karibu sawa na saa moja ya kuruka. Ningeanza nazo, hata kabla ya hicho kijiti.

Kutua ndiko kunakosaliti. Skrini moja haikuonyeshi ardhi ikipanda pembeni mwa macho, wala kiti cha plastiki hakikwambii unazama. Tena saa za mezani haziingii kwenye kitabu cha rubani cha kuhesabia saa za kuruka, na picha za ardhi zinakula bando.

Siku hizi nabandika bahasha ya kaki juu ya vipimo kwenye skrini. Nikiwa na zamu ya kuruka kesho yake, napiga mizunguko mitatu nikitazama nje, nazima, nalala.