Msondo Ngoma Dodoma: nimewaona tena

Mara ya kwanza kuwaona nilikuwa nimeshikwa mkono na baba, Morogoro, wakati bendi bado inaitwa OTTU Jazz. Yeye aliwajua tangu wakiitwa JUWATA, na babu tangu NUTA Jazz ya 1964. Jumamosi nimewaona tena, hapa Dodoma, ukumbi wa wazi upande wa Majengo.

Niseme la ukumbi liishe. Tangazo lilisema saa mbili usiku, muziki ukaanza saa nne kasoro. Tulikaa kwenye viti vya plastiki upepo wa Julai ukitupiga mgongoni, na nyimbo mbili za mwanzo sauti ya mwimbaji ilimezwa kabisa na besi. Kwa kiingilio kile, fundi mitambo angejaribu vyombo mapema.

Lakini zile tarumbeta jamani! Zilipoingia pamoja na saksafoni, mzee mmoja mbele yangu alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kitini, ndipo akainuka kucheza. Mpiga solo hakuwa na haraka hata kidogo. Anapiga kipande kilekile, anakirudia, anakibana kidogo, mpaka unajikuta umesimama. Gurumo, mwimbaji wao mkongwe, hatunaye tangu 2014, na wanaoimba sasa hawamwigi, wanaimba kwa koo zao wenyewe. Hilo limenifurahisha kuliko yote.

Wakirudi nakwenda na mwanangu. Nyinyi bebeni sweta, na kaeni upande wa kulia, karibu na tumba.