Nyumba iliyokarabatiwa Kiseke: milioni 120 ni bei ya rangi mpya

Bei inayotajwa ni shilingi milioni 120, maongezi yapo. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko la ndani, uzio wa tofali na geti la chuma, kiwanja cha mita 20 kwa 28, Kiseke, wilaya ya Ilemela, Mwanza. Ukiingia utaipenda: dari la jipsamu lenye taa za kujificha, vigae vikubwa vinavyong'aa, madirisha ya aluminiamu, kabati za jiko zilizofika juu kabisa. Fundi wa vigae anastahili sifa. Tumegonga sakafu yote kwa sarafu, na ni vigae vitatu tu karibu na mlango wa jiko vilivyolia kama debe tupu. Lakini kwa hali yake ya sasa nyumba hii ni ya milioni 84 hivi, na sababu zake ziko pale ambapo rangi haikufika.

Anzia darini. Kuna tundu la kupandia juu ya korido. Panda na tochi saa sita mchana. Kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ni za mlingoti, zimenyooka, mchwa hawajazigusa. Tatizo ni mabati. Kwa nje yamepakwa rangi nyekundu, na ukiwa barabarani utaapa ni mapya. Kwa ndani yana kutu kuzunguka misumari, na vitone vya mwanga vinapenya sehemu kadhaa. Juu ya jipsamu, upande wa chumba cha masta, kuna madoa mawili ya maji yaliyokauka. Jipsamu ikilowa huvimba, inalegea kwenye skrubu, kisha inabonyea. Masika ya kwanza, Machi hadi Mei, yataleta doa la kahawia juu ya kitanda cha mnunuzi. Kung'oa mabati, kurekebisha papi (mbao zinazopigiliwa mabati) na kuezeka upya tumekuwekea milioni 6.

Ukuta wa nyuma ndio uliotupa shaka kubwa zaidi. Laza tochi ubavuni mwa ukuta jioni, mwanga ukimbie sambamba na plasta, utaona mstari mpana kidogo unaoshuka kwa mshazari kutoka kona ya dirisha hadi sakafuni. Ni ufa uliozibwa kwa puti na kupakwa rangi. Mwanza ufa wa namna hii una historia inayojirudia: kiwanja kiko kwenye mteremko, upande mmoja wa msingi umekaa juu ya mwamba, upande wa pili juu ya kifusi kilichojazwa ili kusawazisha. Mwamba hausogei, kifusi kinashuka, ukuta unakatika katikati ya hao wawili. Nyufa nyembamba kama nywele zinazotapakaa kwenye plasta si za kukukosesha usingizi. Za mshazari, zinazopanuka upande mmoja kuliko mwingine, mara nyingi ni za msingi. Njia ya kujua kama ufa bado unatembea ni rahisi: kwangua puti, paka kiraka chembamba cha jipsamu juu ya ufa, andika tarehe. Kikipasuka ndani ya miezi miwili ya mvua, msingi haujatulia. Hapa maji ya paa yanamwagika moja kwa moja nyuma ya nyumba, penye kifusi, bila mtaro. Gata, mtaro wa zege na ukuta mfupi wa mawe wa kushikilia udongo: milioni 4. Ufa ukiendelea baada ya hapo, hesabu yote hii haifai tena, mwite mhandisi.

Umeme umebadilishwa sura tu. Fungua soketi moja, fundi umeme akiwa amezima meni swichi. Kifuniko ni kipya, nyaya ni zile za zamani za milimita 1.5 za mraba, ambazo ni za taa. Soketi zinahitaji 2.5. Pasi na jagi la umeme vikiwaka pamoja, waya unapata moto ndani ya ukuta. Waya wa ethi, unaopeleka umeme uliovuja ardhini, haupo kabisa upande wa jikoni. Mabomba nayo ni ya zamani. Fungua koki zote kwa wakati mmoja uone bafu la masta linavyokosa nguvu.

Chemba iko sawa. Ila kwenye mawe shimo la maji taka huwa fupi na hujaa mapema, kwa hiyo hakikisha gari la kunyonya linaweza kufika. Hapa linafika.

Sasa hesabu. Kiwanja ni mita za mraba 560. Kwa shilingi 40,000 kila mita, kulingana na viwanja vitupu vya jirani, ni milioni 22.4. Nyumba ni mita za mraba 110. Kuijenga upya hadi kuhamia tumeweka 700,000 kwa mita, yaani milioni 77. Nusu ya hizo ni boma na paa: milioni 38.5, toa asilimia 20 kwa umri wa miaka 20 hivi, inabaki 30.8. Nusu nyingine ni finishingi. Theluthi mbili ni mpya, milioni 25.7, tumezihesabu zote. Theluthi ya nyaya na mabomba tumeihesabu kwa nusu, 6.4. Uzio, geti na simtanki milioni 9. Jumla 94.3. Toa paa na mtaro, milioni 10, unapata 84.3.

Muuzaji atasema ametumia milioni 30 kwenye ukarabati. Huenda ni kweli. Lakini ukarabati unalipwa mara moja, na hapo juu umeshalipwa. Kuuongeza juu ya bei ya nyumba "nzuri" ni kuuuza mara mbili.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika bei, fanya upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati, si kwa nakala ya dalali. Dai risiti za kodi ya pango la ardhi na ridhaa ya maandishi ya mwenza wa muuzaji. Nyumba ya familia haiuzwi bila hiyo. Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU tangu 2021, kwa hiyo nunua umeme kidogo kwenye mita hiyo uone kama kuna deni linalokatwa. Kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji, yaani ya faida anayopata kwa kuuza, ni ya muuzaji. Iandikwe hivyo kwenye mkataba, maana wengi humsukumia mnunuzi siku ya mwisho.

Anza kwa milioni 78. Ukifika 86, simama. Akiezeka upya na kujenga mtaro kwa gharama zake, na kiraka cha jipsamu kikapita mvua bila kupasuka, 94 ni bei ya haki na tungeilipa.