TAHADHARI kwa wenye nyumba za kupangisha: kuna wakala anawauzia bima isiyo yenu

Ndugu zangu mnaopangisha nyumba, someni hadi mwisho, kisha mwambieni kila mwenye nyumba mnayemfahamu. Kuna wakala wa bima anawazungukia wenye nyumba, maneno yake matamu na haraka zake nyingi, anauza kitu anachokiita "bima kamili ya nyumba". Ukweli ni kwamba anauza bima ya mtu anayeishi mwenyewe kwenye nyumba yake. Ukiwa umepangisha, unaweza kulipa ada miaka yote na siku ya janga usipate kitu.

Aliyeumizwa ni shemeji yangu. Mpangaji wake aliacha mafuta jikoni, moto ukashika makabati na dari, moshi ukaharibu vyumba vilivyobaki. Nyumba haikukalika tena, mpangaji akahama na kodi ikakatika. Mtathmini wa kampuni alipofika hakuanza na chanzo cha moto. Aliuliza nani anaishi humu. Kisha akafungua faili na kumwonyesha shemeji fomu ya maombi: penye swali la mkaaji wa nyumba pameandikwa "mmiliki na familia yake", mwandiko wa wakala. Saini ya shemeji ilikuwa ukurasa wa mwisho, ndio pekee aliofunuliwa, eti kurasa nyingine "ni mambo ya ofisi". Na wakala alijua fika kuna mpangaji, maana ndiye aliyemfungulia geti alipokuja kupiga picha za nyumba! Madai yakakataliwa.

Kampuni inakataa kwa sababu mkataba wa bima unasimama juu ya kuambiana ukweli. Anayekata bima anatakiwa kusema jambo lolote linaloweza kubadilisha uamuzi wa kampuni, iwe ni kumkubali au kupanga ada yake. Kama nyumba imepangishwa, hilo ni mojawapo ya mambo makubwa kabisa. Mwenye nyumba hayupo kila siku kuona bomba linalovuja, wapangaji hubadilika, na mtu akiumia humo lawama inaweza kumfuata yeye. Ndiyo maana bima ya nyumba ya kupangisha huwa mkataba wa peke yake, na mara nyingi ada yake iko juu kidogo. Wakala huyu anakuletea ule wa bei rahisi ili usisite kutoa pesa. Kamisheni yake inaingia ukishalipa, na siku ya kudai fidia hapatikani kwenye simu.

Wale wanaomwuliza maswali anawaahidi kila kitu: mali za mpangaji, kodi isiyolipwa, rangi iliyobanduka. Msikubali. Bima ya mwenye nyumba kwa kawaida huanzia kwenye jengo lenyewe, halafu vitu vyako ulivyoviacha ndani, kama jiko na friji. Vitanda, nguo na televisheni za mpangaji ni juu ya mpangaji kukatia bima yake. Fidia ya kodi iliyopotea hulipwa pale nyumba inaposhindwa kukalika kwa sababu ya janga lililotajwa kwenye mkataba, mathalani moto au mafuriko. Mpangaji akigoma tu kulipa, hiyo ni bima nyingine kabisa, na kampuni nyingi hutaka kuona kwamba ulimchunguza mpangaji kabla ya kumpa funguo. Uchakavu wa kawaida haulipwi popote. Uharibifu wa makusudi wa mpangaji mara nyingi ni nyongeza unayoiomba na kuilipia, na ndiyo nyongeza anayoapa kuwa "imo tayari" bila kukuonyesha kifungu.

Muulize pia kuhusu nyumba kukaa tupu. Mikataba mingi hupunguza au kusimamisha sehemu ya kinga nyumba ikikaa bila mtu kwa siku 30 au 60 mfululizo, hasa kwa wizi na maji. Kati ya mpangaji anayetoka na anayeingia, siku hizo hupita upesi. Na kama unapangisha kwa wageni wa usiku mmoja mmoja, sema wazi, maana mkataba wa mpangaji wa mwaka huenda usikuhusu.

Kuna hila nyingine, na hii inaniuma zaidi kwa sababu inaonekana kama msaada. Anakushawishi upunguze thamani ya nyumba kwenye fomu ili ada ishuke. Tuseme kuijenga upya nyumba yako kunahitaji 100, wewe ukaandika 60. Moto ukala sehemu ya thamani ya 20. Utadhani utapewa 20, kwa kuwa iko chini ya 60. Mikataba mingi ina kifungu cha uwiano: ulikatia bima asilimia 60 ya thamani, basi unalipwa asilimia 60 ya hasara, yaani 12, na humo bado kinatolewa kile kiasi cha kwanza ambacho kila mwenye bima hubeba mwenyewe. Thamani ya kuandika ni gharama ya kujenga upya. Bei ya kuuzia ina kiwanja ndani yake, na kiwanja hakiungui.

Baada ya shemeji kuanza kulalamika, mwenye nyumba mwingine alijitokeza. Yeye alilipa kwenye laini ya simu ya wakala mwenyewe, akapewa hati yenye nembo ya kampuni. Kampuni ilipoulizwa, namba ya hati haikuwepo kwenye kumbukumbu zao. Kwa hiyo lipa kwenye akaunti ya kampuni tu, upewe risiti ya kampuni. Namba ya kuwapigia itafute mwenyewe, usitumie iliyoko kwenye karatasi aliyokuletea. Leseni yake iulizie kwa mamlaka inayosimamia bima. Fomu jaza kwa mkono wako, na udai mkataba mzima wenye vifungu, usiridhike na ule ukurasa wa kwanza wenye rangi. Akikwambia "ofa inaisha leo", mwache aende nayo.

Kama umeshanunua kwake, iandikie kampuni sasa hivi, kabla hakijatokea kitu. Waambie nyumba imepangishwa, omba mkataba ubadilishwe, na majibu yao yawe ya maandishi. Kama nyumba ina mkopo wa benki, iambie na benki.

Malalamiko ya shemeji yameshafika kwa mamlaka ya bima, nao wanataka kuona fomu za wengine waliouziwa na mtu huyu. Ukiwa nayo, peleka nakala pamoja na risiti na jumbe mlizotumiana naye. Usizifute.