Lenzi ya 150-600: simba si kichuguu tena

Habari zenu, watazamaji. Hii niliyoikumbatia kama mtoto mchanga ni lenzi ya Sigma 150-600mm, toleo la Contemporary; namba ikiwa kubwa, inavuta mbali zaidi. Ngoja niiweke mezani kwanza, maana inakaribia kilo 2 na mkono umeshaanza kuniuma.

Watu huniuliza: wewe picha huuzi, lenzi lote hilo la nini? Basi sikilizeni. Mara ya kwanza nilikwenda Mikumi na lenzi ndogo iliyokuja na kamera, ile ya 18-55. Simba kalala chini ya mti, upande wa Mkata, mita kama 80 hivi. Nikapiga weee! Kufika nyumbani, mwanangu kaitazama picha, kauliza, "Baba, hiki kichuguu?" Nikanyamaza. Hifadhini hushuki ovyo kwenye gari, na gari haliachi njia. Utamsogeleaje mnyama?

Sasa tazama hii. Simba mwingine, umbali uleule, lenzi nimeifunga kwenye Canon 80D. Sensa ya kamera hii, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, ni ndogo, kwa hiyo ile 600 inavuta kama 960 ya kamera yenye sensa kubwa. Angalia hapo puani. Wale ni nzi, watatu, na mmoja mabawa yake unayaona.

Haya, ubaya wake. Ukivuta mpaka 600, tundu la kuingizia mwanga halifunguki zaidi ya f/6.3; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Zile 600 f/4 za mabingwa huingiza mwanga karibu mara mbili na nusu ya huu. Saa 12 na nusu asubuhi, simba bado anatembea, mimi napandisha ISO, ule wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 3200, wakati mwingine 6400, na chenga, vile vidoadoa vya picha, zinajaa kwenye vivuli. Saa 6 mchana mwanga upo tele, lakini kuna mazigazi: ardhi inafuka joto, twiga wa mbali anayumbayumba kama yuko ndani ya maji. Hilo hata lenzi ya mamilioni hailiwezi.

Vumbi nalo! Hii ina mpira wa kulizuia pale inapoungana na kamera tu. Dada yake, toleo la Sports, imezibwa vizuri zaidi, ila ana kilo 2.86. Mimi naifunika kwa kanga ya mama watoto. Ameshaisahau, msimkumbushe.

Stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, iache nyumbani, ndani ya gari utaifungulia wapi? Chukua kiroba cha mchele, kilo 2 zinatosha, kilaze dirishani, lenzi juu yake, kisha mwombe dereva azime injini. Ikinguruma tu, picha inatikisika.

Na kama hela yako inatosha kitu kimoja, nunua lenzi, kamera baadaye. Ukichukua ya mtumba, mulika tochi ya simu kwa nyuma, uchungulie mbele. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Yangu ya kwanza ilikuwa nayo, na aliyeniuzia mpaka leo hapokei simu.