TAHADHARI: Fimbo za kuvulia zinazouzwa Pwani kwa jina la "fimbo za kayaki"

Ndugu wavuvi, hasa ninyi mnaovua kwa kayaki katika mikono ya bahari ya Mtwapa, Tudor na Kilifi, nawaomba msimlipe muuzaji anayetangaza mtandaoni fimbo "maalumu za kayaki, kaboni tupu, futi 7" kabla ya kuyasoma haya. Matangazo yake huzidi wakati wa tangambili, kusi inapokwisha na watu wanapojitayarisha kwa utulivu wa kaskazi, kwa kuwa ndipo wanaoanza uvuvi huu hununua vifaa vyao vya kwanza. Sitaji jina la duka, kwani limekwisha kubadilishwa zaidi ya mara moja huku picha na maneno yakibaki yale yale. Kitakachowafaa ni kuzijua dalili.

Picha anazoweka ni za fimbo nzuri za kampuni zinazojulikana, na bei huwa chini kidogo tu ya ile ya madukani, kiasi cha kumfanya mnunuzi aone amepata nafuu bila kushtuka. Hutaka alipwe fedha zote kwanza kwa M-Pesa, kwa namba ya mtu binafsi, na jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo halifanani na jina la duka. Ukimwomba mkutane mjini uione fimbo, atakwambia ghala liko mbali na kwamba mzigo utakuja kwa basi. Mzigo huja kweli, na hapo ndipo watu hukosea kumwamini: wanadhani tapeli ni yule tu anayekula fedha asilete kitu.

Nimeletewa na wavuvi wenzangu fimbo kadhaa zilizotoka kwake nizikague, na nilichokiona ni kile kile. Kinachofika ni fimbo ya kuchomoza, ile ambayo vipande vyake huingia kimoja ndani ya kingine, iliyotengenezwa kwa ajili ya kurushia ndoana kutoka ufukweni. Juu ya kishikio kimebandikwa kibandiko kipya chenye neno la kaboni, na ukikibandua taratibu kwa maji ya moto unakuta maandishi ya kiwandani yanayotaja urefu wa mita 3. Anayelalamika huambiwa airudishe kwa gharama yake, na akishasisitiza, namba yake hufungiwa.

Huenda mtu akasema fimbo ni fimbo, na samaki hajui tofauti. Katika kayaki tofauti ni kubwa, na inagusa usalama wa mvuaji mwenyewe. Umekaa chini, karibu usawa wa maji, huwezi kusimama wala kurudi nyuma hatua moja. Kolekole au tewa akishanasa hupiga mbizi moja kwa moja chini ya chombo, na mshipi ukisuguana na ubavu wa kayaki hukatika. Hivyo fimbo inapaswa kuwa na urefu wa kutosha kuizungusha ncha mbele ya omo, yaani pua ya chombo, ili umfuate samaki upande wa pili. Kwa watu wengi urefu huo ni kati ya futi sita na nusu na futi saba na nusu. Fimbo ya mita 3 inazunguka omo bila shida, lakini samaki akichoka na kuja juu, ncha iko mbali nawe mno. Ili umfikie unalazimika kuisimamisha fimbo wima kabisa, uzito wote unahamia kwenye kipande chembamba cha juu, nacho huvunjika. Asiyeisimamisha hujinyoosha ubavuni kumfuata samaki, na hivyo ndivyo kayaki hupinduka.

Kishikio nacho kina habari yake. Fimbo ya ufukweni ina kitako kirefu cha kushikwa kwa mikono miwili, ambacho ukiwa umeketi hukwama kwenye jaketi okozi kila unapogeuka, na hugongana na kafi. Viungo vya kuchomoza huingiwa na chumvi na mchanga, vikagoma kufunguka au vikajizungusha katikati ya pambano, na pete za kupitishia mshipi zikaacha kuwa mstari mmoja.

Kuhusu kaboni, niseme wazi kwamba fimbo ya nyuzi za kioo (faibaglasi) si mbaya. Ni nzito zaidi, lakini huvumilia kugongwa, na mimi humshauri anayeanza aichukue. Kosa ni kuuziwa kioo kwa bei ya kaboni. Kaboni hupitisha umeme na kioo hakipitishi, kwa hiyo fundi mwenye mita ya umeme anaweza kukwangua rangi kidogo sehemu isiyoonekana na kupima. Mita ikikaa kimya kabisa, una sababu ya kumtilia shaka aliyekuuzia. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye kaboni halisi ailaze fimbo na kurudi pwani mara asikiapo radi.

Mkipata duka linalokubali mzigo uonwe kwanza, chungulieni fimbo kuanzia kitakoni hadi nchani mhakikishe pete zimenyooka. Kanuni ya mafundi wengi ni pete moja kwa kila futi, na moja zaidi. Pitisheni pamba ndani ya kila pete. Nyuzi zikinasa, kuna ufa, na ufa huo utaula mshipi wa kusuka. Fungeni rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, hapo hapo muone kama kikazio cha kuishikia kwenye fimbo kinaikamata bila kucheza. Breki ya rili ipimeni nyumbani kwa mizani ya ndoana: mshipi wenye nguvu ya ratili 20 uanze kuachiwa na rili ukivutwa kwa ratili 5 hivi, kwani mvuto mkubwa kuliko huo ukitokea ubavuni ni hatari katika chombo chembamba. Kamba ya usalama ya fimbo ifungwe kwenye kayaki, kamwe isifungwe mwilini.

Wale ambao wamekwisha lipa, hifadhini ujumbe wa M-Pesa, picha za tangazo kabla halijafutwa, risiti ya basi, na picha ya maandishi yaliyo chini ya kibandiko, kisha mwandikishe taarifa polisi. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumweleza mnunuzi uongo kuhusu aina na ubora wa bidhaa, na kibandiko kile ni ushahidi unaoshikika. Baada ya kuandikisha, ikiwa fimbo ni nzima, itumieni mkiwa mmesimama ufukweni au gatini, ambako urefu wake una faida, na msiipakie kwenye kayaki hata kama ndiyo pekee mliyo nayo.