Nilichojifunza kwenye mkataba wa kununua mbwa, Malindi

Kila aliyeniona na mkataba wa kurasa mbili alicheka. "Umenunua mbwa au kiwanja?" Lakini shilingi 35,000 si za kuokota, na 10,000 nilishazituma kwa M-Pesa kama arbuni kabla hata sijaonyeshwa karatasi. Pupa hiyo. Kifungu cha tatu kilisema arbuni hairudi, hata nikiukataa mkataba wenyewe.

Mbwa mwenyewe, Simba, ni shepadi wa Kijerumani, dume, wiki nane, wa kulinda shamba letu la Kakuyuni. (Hapa nyumbani, mtaa wa Shella, mamangu hataki hata kumsikia, udhu na mate ya mbwa haviivi chungu kimoja.) Nilimchukua bila karatasi za ukoo za East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa, bei ikashuka. Nataka mlinzi, si bwana harusi. Mfugaji, ambaye simtaji, alinionyesha mama mzazi, banda safi, na kadi ya chanjo yenye stika na mhuri wa daktari. Hapo sina lawama.

Shida ilikuwa dhamana ya afya: saa 48. Jirani yetu, mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama, alitia kidole hapo hapo. "Mwanangu, parvo, ule ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, huchukua siku ngapi kujitokeza?" Nikampigia daktari wa mifugo. Siku tatu hadi saba, akasema, pengine hata 14. Yaani dhamana inakufa ugonjwa haujaamka! Nikarudi kwa mfugaji. Alinuna, kisha akakata "saa 48", akaandika kwa kalamu "siku 14", tukatia sahihi pembeni.

Siku ya tano Simba akagoma kula, akatapika, akahara damu. Kipimo kikaonyesha parvo. Chanjo moja haikumtosha. Hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka wiki ya 16. Nikaufungua mkataba kifua mbele, na ndipo nikakisoma kifungu nilichokuwa nimekiruka: nimrudishe mgonjwa, nibadilishiwe mwingine. Matibabu hayakutajwa popote. Nimrudishe, na kijana wangu amekesha naye bandani siku mbili akimdondoshea maji mdomoni kwa sirinji?

Dripu za siku nne zilinila 14,500. Mfugaji alinitumia 5,000, kwa hisani yake tu, si kwa mkataba.

Simba sasa ana miezi saba, anabwekea kila bodaboda. Mfugaji nampa nyota tatu kati ya tano. Kwake nitanunua tena, ila kifungu cha matibabu kiandikwe kwanza, arbuni baadaye.